Ukimya wa Hedseti: Matabaka ya Kihistoria ya Sauti katika Mifumo ya Jamii ya Unix, kwa Kuzingatia Mazingira ya Suma, Wilayani Rungwe

1.0 Usuli

Kata ya Suma imo katika Wilaya ya Rungwe, mkoani Mbeya, kwenye miinuko inayouzunguka mji wa Tukuyu. Ni nchi ya migomba, chai na ng'ombe wa maziwa, na mvua yake ni ya kutajika. Kutoka huko hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800 kwa barabara. Umbali huo una uzito katika makala haya. Mkazi wa jijini ambaye hedseti yake ya USB imenyamaza huirudisha dukani Kariakoo au hununua nyingine. Mkazi wa Suma hulazimika kwanza kujua iwapo kilichonyamaza ni hedseti au ni kompyuta, kwa sababu nauli ya kwenda kubahatisha huweza kuizidi bei ya kifaa chenyewe.

Iwapo kompyuta hiyo inatumia mfumo wa uendeshaji wa jamii ya Unix, kama vile Linux au FreeBSD, swali hilo huwa gumu zaidi. Hedseti imechomekwa, taa yake ndogo imewaka, video inaonekana kwenye skrini, lakini masikioni hakuna kitu. Hakuna ujumbe wa kosa. Maandishi ya kiufundi kwa kawaida hulitibu tatizo hili kwa orodha ya amri, ambazo msomaji huzinakili moja baada ya nyingine hadi mojawapo ifanye kazi au zote zishindwe. Orodha za namna hiyo zina manufaa, ila hazimwelezi mtu kwa nini hedseti nzima, kwenye kompyuta nzima, iweze kukaa kimya.

Makala haya yanadai kwamba ukimya huo una historia. Njia ambayo sauti huipitia katika mfumo wa jamii ya Unix haikubuniwa na mtu mmoja wala kwa wakati mmoja. Ilijengwa kwa matabaka katika kipindi cha zaidi ya miaka hamsini, kila tabaka likiwekwa juu ya lililotangulia bila kuliondoa, na kila moja likiwa na desturi yake ya kunyamaza. Anayetafuta chanzo cha ukimya anafanya kazi inayokaribiana na ya mwanahistoria: anauliza ni tabaka la enzi ipi lililozuia sauti isipite.

2.0 Redio Iliyonyamaza

Haitakuwa sahihi kudhani kwamba ustadi wa kuuliza hivyo uliingia nchini pamoja na kompyuta. Utangazaji ulianza Dar es Salaam mwaka 1951, na kufikia mwaka 1965 Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa chombo cha serikali kilichotegemewa kufikisha elimu vijijini. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, wakajadili maji safi, vyoo na malaria. Chakula ni Uhai ikafuata mwaka 1975. Kampeni hizo kwa kawaida huchambuliwa kwa kuangalia maudhui yake au idadi ya washiriki. Jambo moja hupitiwa harakaharaka: kikundi kizima kilitegemea redio moja, na redio hiyo iliponyamaza, somo la juma hilo lilikuwa limekufa.

Hapo ndipo fundi redio alipopata heshima yake. Utaratibu wake haukuhitaji chuo. Alianza na betri, akatazama kama vyuma vinavyozigusa vimeshika kutu, akazungusha swichi ya sauti ambayo pengine mtoto alikuwa ameishusha hadi chini, akafuata waya wa spika, na mwisho kabisa ndipo alipofungua bodi. Alitoka kwenye chanzo cha nguvu kuelekea sikioni, hatua kwa hatua, wala hakuruka.

Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini bila kibali maalumu. Ilikuwa imepata hasara na mashine za mwanzo, na fedha za kigeni zilikuwa haba. Athari za marufuku hiyo huhesabiwa zaidi katika ofisi za umma na vyuo. Kuna athari nyingine isiyosemwa sana: mafundi wa kizazi hicho walikomaa katika redio na kaseti bila kupata nafasi ya kuuhamishia ustadi wao kwenye mashine mpya wakati mashine hizo zilipokuwa bado rahisi kueleweka. Kompyuta zilipoenea baadaye, zilikuja zikiwa tayari na matabaka.

3.0 Kutoka Kengele hadi Hedseti

Unix ilizaliwa mwaka 1969 katika maabara za Bell nchini Marekani, mikononi mwa Ken Thompson, Dennis Ritchie na wenzao. Mtumiaji wake wa kwanza aliketi mbele ya mashine ya kuchapa iliyounganishwa na kompyuta kwa waya. Sauti pekee ambayo mfumo uliweza kuiamuru ilikuwa kengele. Katika mpangilio wa herufi wa ASCII, namba 7 haichapi kitu chochote bali hugonga kengele ya mashine. Namba hiyo ingali na kazi hiyo leo. Katika urithi wa Unix, basi, sauti ilianza kama herufi miongoni mwa herufi.

Wazo hilo lilikubaliana na kanuni kuu ya mfumo, kwamba kila kifaa kionekane kama faili. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Sun ilipotoa kompyuta za SPARCstation, sauti ilipatikana kupitia faili lililoitwa /dev/audio. Programu ililifungua, ikaandika ndani yake, na spika ikasema. Mwaka 1991 Linus Torvalds alitangaza Linux huko Helsinki, na mwaka uliofuata Mfini mwingine, Hannu Savolainen, akaanza kuandika draiva za kadi ya Sound Blaster. Kazi yake ilikua ikawa mfumo unaofahamika kama OSS, wenye faili lake /dev/dsp.

Usahili wa OSS ulikuwa na gharama. Faili la sauti kwa kawaida lilishikwa na programu moja tu kwa wakati mmoja, kwa sababu kadi nyingi hazikuweza kuchanganya sauti mbili zenyewe. Programu ya pili ilikuta mlango umefungwa, na mara nyingi ilikaa kimya pasipo kumwarifu mtumiaji. Huu ndio ukimya wa kwanza wa kihistoria katika Linux, ukimya wa mlango uliokaliwa.

Mwaka 1998 Jaroslav Kysela, raia wa Jamhuri ya Cheki, alianzisha mradi wa ALSA, ulioanzia kwenye draiva ya kadi ya Gravis Ultrasound. ALSA iliingizwa katika kerneli ya majaribio mwaka 2002 na kumfikia mtumiaji wa kawaida kupitia toleo la 2.6, lililotoka Desemba 2003. Ilileta uwezo mkubwa, pamoja na kanuni moja ambayo imewatesa watumiaji wengi kuliko kasoro zake zote: kadi inapoanzishwa kwa mara ya kwanza, njia zake za sauti huwa zimenyamazishwa. Sababu yake haikuwa mbaya. Kadi inayoamka ikiwa na sauti ya juu kabisa huweza kuumiza spika na masikio. Lakini uamuzi uliochukuliwa ili kulinda masikio ulimfikia mgeni wa Linux kama ulemavu wa kompyuta yake.

Wakati huohuo kiwango cha USB, kilichotolewa mwaka 1996, kilikuwa kikibadili maana ya kadi ya sauti. Mwaka 1998 lilichapishwa daraja maalumu la vifaa vya sauti vya USB. Kifaa kinachofuata daraja hilo hujieleza chenyewe kinapochomekwa: kinaeleza kina spika ngapi, kina maikrofoni au hakina, na kinakubali kasi zipi za sampuli. Kwa sababu hiyo Linux huhitaji draiva moja tu, snd-usb-audio, kwa karibu hedseti zote, na diski ya mtengenezaji inayokuja ndani ya boksi haina kazi. Wengi hudhani kinyume chake na hupoteza siku nzima wakiitafuta draiva ambayo tayari wanayo.

Ni lazima kusisitiza hapa jambo ambalo umbo la kifaa hulificha. Hedseti ya tundu la duara ni spika ndogo tu. Inaazima kadi ya sauti iliyo ndani ya kompyuta. Hedseti ya USB ni kadi ya sauti kamili iliyotundikwa mwisho wa waya. Inapochomekwa, kompyuta haipati spika mpya bali inapata kadi ya pili, na mfumo uliozoea kuwa na kadi moja hulazimika kuchagua. Kadi ya ndani imeshapewa namba 0, hedseti hupewa namba 1 au zaidi, na programu iliyozoea kupeleka sauti kwenye kadi ya kwanza huendelea na mazoea yake. Sauti inatoka, ila inatoka kwingine. Sehemu kubwa ya malalamiko kuhusu hedseti za USB zilizonyamaza ni ya aina hii, na kuiita hedseti mbovu ni kuisingizia.

Tabaka lililofuata lilikusudiwa kuyamaliza mambo hayo. Mwaka 2004 Lennart Poettering, Mjerumani, alianza kuunda seva ya sauti ambayo baadaye iliitwa PulseAudio. Seva husimama kati ya programu na ALSA, ikachanganya sauti za programu nyingi na kuzielekeza kwenye kadi yoyote. Fedora iliifanya chaguo lake la kawaida mwishoni mwa mwaka 2007, na Ubuntu mwaka 2008. Watumiaji wengi waliipokea kwa manung'uniko, kwa sababu ilifichua kasoro za draiva ambazo hapo kabla hazikuonekana. PulseAudio pia ilikuwa na kumbukumbu. Ilikumbuka kwamba programu fulani ilitumia kadi fulani, ikairudisha hukohuko hata baada ya hedseti kuchomekwa. Ukimya wa aina ya tatu ukazaliwa hapo, nao unatokana na mfumo kukumbuka kupita kiasi.

PipeWire, iliyoanzishwa na Mbelgiji Wim Taymans, ilichukua nafasi hiyo katika Fedora mwezi Aprili 2021 na katika Ubuntu mwaka 2022. Mifumo ya BSD haikuifuata njia hii. FreeBSD ilibaki na umbo la OSS na ikaweka uchanganyaji wa sauti ndani ya kerneli yenyewe, na OpenBSD ikajenga seva yake ndogo iitwayo sndio. Kwa mtumiaji wa FreeBSD, swali zima la kadi ya pili hujibiwa kwa namba moja, hw.snd.default_unit. Kwa kuangalia nyuma, ni vigumu kutokiri kwamba kwa hedseti ya mtu mmoja kwenye meza moja, njia ya FreeBSD ilikuwa nyepesi zaidi.

4.0 Kuusoma Ukimya

Ikiwa matabaka yamewekwa kwa utaratibu wa wakati, busara ni kuyakagua kutoka chini kwenda juu, kama fundi redio alivyotoka kwenye betri kwenda kwenye spika. Kosa la kawaida la watumiaji wa leo ni kuanzia juu. Hufungua na kufunga kivinjari, hubadili programu ya mkutano, huusakinisha upya mfumo mzima, ilhali tatizo liko kwenye waya.

Ukaguzi wa chini kabisa hauhitaji amri. Hedseti nyingi za USB zina kitufe cha kuzima maikrofoni na gurudumu la sauti kwenye waya wake. Katika mazingira yenye unyevu mwingi kama ya Rungwe, vyuma vya plagi navyo hustahili kutazamwa. Kigawanya tundu cha USB kisicho na umeme wake huenda kisiweze kuibeba hedseti pamoja na vifaa vingine. Kuihamishia kwenye tundu la kompyuta yenyewe ni jaribio la sekunde chache lisilogharimu chochote.

Kinachofuata ni kuiuliza kerneli. Amri lsusb huorodhesha kila kilichochomekwa. Hedseti isipokuwemo, hakuna programu ya juu itakayoisaidia, na uchunguzi unarudi kwenye waya. Ikiwemo, amri dmesg huonyesha kilichotokea wakati wa kuchomeka, na faili /proc/asound/cards huonyesha kama ALSA imeitambua kuwa kadi. Kifaa kinachoonekana katika lsusb bila kuonekana katika orodha ya kadi kina tatizo la draiva. Kikionekana kote kuwili, draiva ni nzima na lawama inahamia juu.

Hapo amri aplay -l hutoa namba ya kadi, na alsamixer hufungua ubao wa sauti. Ndani yake, kitufe cha F6 huchagua kadi. Hatua hii husahaulika mno: mtu hupandisha sauti ya kadi ya ndani huku hedseti ikibaki ilivyokuwa. Njia iliyoandikwa MM chini yake imenyamazishwa, na herufi m huifungua. Kisha huja jaribio lenye uamuzi kuliko yote, speaker-test likielekezwa moja kwa moja kwenye hedseti, kwa mfano kwa -D plughw:1,0. Neno plughw lina umuhimu kwa kuwa huruhusu ALSA kubadili kasi ya sampuli, na zipo hedseti zinazokubali kasi moja tu. Mlio ukisikika katika jaribio hili, hedseti, waya, tundu na kerneli vyote vimeondolewa mashaka. Mtu wa Suma aliyefikia hapa ameshaokoa nauli.

Kilichobaki ni seva ya sauti. Amri pactl list short sinks, au wpctl status kwenye PipeWire, huonyesha matokeo yote yaliyopo na lipi ndilo la kawaida. Pavucontrol huonyesha kila programu inayotoa sauti na mahali inakoipeleka. Hapo ndipo kumbukumbu ya PulseAudio iliyotajwa juu huonekana kwa macho: programu ya video ingali inapeleka sauti kwenye skrini kupitia HDMI, kama ilivyoagizwa wiki iliyopita. Tahadhari moja ni ya lazima. Namba za kadi hubadilika kompyuta inapowashwa upya, hivyo kuitaja hedseti kwa jina lake ni salama kuliko kuitaja kwa namba. Aliyeandika namba 1 katika mipangilio huweza kuamka kesho akaukuta ukimya uleule, akadhani hakurekebisha kitu.

5.0 Lugha ya Ukimya

Kijana wa Suma hukua na Kinyakyusa nyumbani, husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha huendelea na sekondari kwa Kiingereza. Kompyuta humjia katika lugha ya tatu. Juhudi za kulirekebisha hilo zilikuwapo. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na kampuni ya IT+46 ya Sweden, ulitoa mwishoni mwa mwaka 2004 programu ya ofisi kwa Kiswahili iliyoitwa Jambo OpenOffice. Ulithibitisha kwamba istilahi zaweza kuundwa na watu wakazitumia.

Hata hivyo mradi huo ulitafsiri sehemu ya juu ya jengo. Barua na majedwali yalipata Kiswahili. Tabaka linalonyamaza halikupata. Tena kutafsiri hapa kuna ugumu wa pekee, kwa sababu alama MM si Kiingereza. Wala dmesg si neno la lugha yoyote. Mwingereza asiyejua Unix anaduwaa mbele yake sawasawa na Mnyakyusa. Kinachohitajika ni maelezo zaidi kuliko tafsiri, na maelezo ya Kiswahili kuhusu tabaka hili ni machache mno kuliko uwezo wa lugha wa kuyabeba. Maneno kama kunyamazisha, kadi, kuchomeka na mlio yako tayari, na mafundi redio waliyatumia kabla ya Linux kuwapo.

Gharama ya uhaba huo ilionekana mwaka 2020, vyuo vikuu nchini vilipofungwa kuanzia Machi hadi 1 Juni kutokana na UVIKO-19. Kwa mwanafunzi aliyerudi kijijini, mhadhara wowote uliotolewa kwa mtandao ulimfikia kwa njia ya sauti au haukumfikia kabisa. Gharama nyingine haionekani kwa urahisi. Mwaka 2021 shirika la Mozilla lilipata ufadhili wa dola milioni 3.4 kupanua kazi ya Common Voice katika Kiswahili, yaani kukusanya sauti za wasemaji wa kawaida wanaosoma sentensi, ili kompyuta zijifunze kuisikia lugha. Katika Kinyarwanda mradi huohuo umekusanya zaidi ya saa 2,000. Mchango katika mradi huo hufanywa kwa njia mbili: kusoma sentensi kwenye maikrofoni, au kusikiliza sentensi ya mwingine na kuamua kama imesomwa sawasawa. Hedseti ndiyo inayofanya kazi zote mbili.

Kiswahili cha Rungwe kina lafudhi yake, inayobeba mapigo ya Kinyakyusa, na wanaoisikia kila siku ndio wanaoweza kuamua kwamba sentensi iliyosomwa hivyo ni sahihi. Kila rekodi inahitaji wasikilizaji wawili waikubali kabla ya kuhesabiwa kuwa halali. Ambapo maikrofoni ya hedseti imebaki kwenye MM, hakuna rekodi ya kuhukumiwa. Na ambapo sauti inapelekwa kwenye kadi namba 0 isiyo na spika, hakuna wa kuihukumu.